"Badilisha Yote" Ni Jibu la Kivivu

Spindeli ya kati ilikufa siku ya Jumatatu. Mashine ya kukata nyasi, ile unayoikalia na kuiendesha kama trekta dogo, ilianza kunguruma kama mashine ya kusaga mahindi, na nyuma yangu ukabaki mstari wa nyasi zilizokatwa vibaya. Nasomea uzamili wa uhandisi wa mitambo katika chuo kimoja nchini Marekani, na kibarua changu ni kutunza viwanja vya chuo. Nilizima injini, nikachomoa waya wa plagi, nikaingiza mkono chini na kutikisa kisu. Kilicheza kama jino bovu.

Msimamizi wangu hakuinama hata kuangalia. "Badilisha yote," akasema. Spindeli nzima ni zaidi ya dola 100.

Nalipinga jibu hilo, na nawapinga zaidi wasomi wenzangu wanaolitoa kwa kujiamini. Spindeli si fumbo. Ni shafti moja, beringi mbili, kipande kifupi cha bomba kati yao, na kasha la alumini linalovishika. Juu kuna puli inayozungushwa na mkanda, chini kuna kisu. Kilichokuwa kimekufa ni beringi, na beringi huandikwa namba yake ubavuni. Zetu zilikuwa 6204: tundu milimita 20, kipenyo cha nje milimita 47, upana milimita 14. Vipimo ni hivyohivyo, uinunue Chicago au Kariakoo. Zote mbili hazikufika dola 20.

Nakiri aibu yangu. Darasani naweza kukuandikia fomula ya maisha ya beringi: ukizidisha mzigo mara mbili, maisha yake hushuka hadi sehemu moja ya nane. Lakini sikujua pa kugonga. Nikampigia baba, fundi wa pikipiki Morogoro.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umeshaifungua?"

"Bado."

"Sasa unaniuliza nini? Fungua kwanza, mwanangu."

Nikafungua. Akanielekeza kwamba beringi mpya inasukumwa kwa pete ya nje, kwani ukigonga ya ndani, nguvu inapita kwenye goroli na kuziumiza. Kile kipande cha bomba nilikiweka pembeni nikidhani hakina kazi. Nilipokaza nati, shafti ikawa ngumu kuzunguka: bila bomba, pete za ndani zinabanwa kuelekeana na goroli zinaelemewa kwa ubavu. Nikarudia. Kazi yote, pamoja na kosa langu, ilichukua saa moja na nusu.

Mtasema muda ni pesa. Sawa. Kasha likipasuka, au tundu lake likilika hadi beringi ikawa inazunguka ndani yake, nunua nzima, sibishani. Lakini ndani ya spindeli ile nilikuta grisi imegeuka uji wa kutu. Kila Ijumaa tulikuwa tunaosha mashine kwa mpira wa maji ya presha, tukielekeza palepale kwenye spindeli, na maji yakapenya sili za mpira. Spindeli mpya ingekufa kwa maji yaleyale. Risiti ya dukani isingetuambia hilo.

Mwaka 2023 jimbo la Colorado lilipitisha sheria inayowataka watengenezaji wa mashine za kilimo wawapatie wakulima spea, zana na maelekezo ya kujitengenezea. Wakulima wa huku wanapigania nafasi ya kufungua mashine zao. Sisi nafasi hiyo tunayo kila kona ya mtaa, na tunaidharau. Aliyesoma mashine kwa vidole tunamwita "fundi wa mtaani". Aliyemaliza chuo bila kushika spana tunamwita injinia.

Nisijitoe. Nilipojaza fomu ya kuomba chuo, mahali pa kazi ya mzazi niliandika "mfanyabiashara". Hakuna aliyenilazimisha. Niliona neno "fundi" litanishusha, nami nilikuwa naomba kusomea uhandisi.

Muhula ujao nitasaidia kufundisha maabara. Zile beringi mbili zilizokufa ninazo. Nitaziweka mezani siku ya kwanza, pamoja na spana, kabla sijaandika fomula yoyote ubaoni. Na atakayeuliza nimejifunza wapi, nitamjibu: kwa baba yangu, fundi wa pikipiki.