Kabla ya Maelekezo, Mpe Skripti ya Kukagua

Kuna desturi moja katika kazi yetu ya programu ambayo naona tuiache. Kijana anakuja na laptopi yake ya Windows, anataka kujifunza. Tunamkabidhi kurasa kumi za maelekezo: pakua hiki, sakinisha kile, fungua lile dirisha jeusi, andika hivi. Akikwama tunamwambia aanze upya. Maoni yangu ni haya: kabla ya kurasa hizo, mpeni skripti moja ndogo ya sheli inayoikagua kompyuta yake na kumwambia waziwazi nini kipo, nini hakipo, na nini kipo lakini hakifanyi kazi.

Najua wengine mtasema, "Si aweke Linux tu, yaishe?" Sawa, lakini njooni mtembee Umoja, Kayole, Dandora au Buruburu muone kompyuta zenyewe. Nyingi ni za mtumba, RAM gigabaiti 4, na ni mali ya nyumba nzima. Mama anaweka humo hesabu za duka, ndugu mdogo anafanyia kazi za shule. Huwezi kuifuta Windows ya watu kwa sababu wewe unataka kujifunza kuandika programu. Kwa hiyo kijana anabaki na Windows, na juu yake anaweka mazingira yanayofanana na Unix.

Njia zipo. Cygwin ipo tangu mwaka wa 1995. Git for Windows huja na bash yake, iliyojengwa juu ya MSYS2. Microsoft nao walileta WSL mwaka wa 2016. Lakini WSL 2 inataka mashine-pepe ziruhusiwe kwenye BIOS, na kwa kawaida inaweza kuchukua hadi nusu ya RAM. Kwenye gigabaiti 4, ukifungua na kivinjari, utangoja sana. Ndiyo maana wengi huishia kwenye bash ya Git.

Shida ni kwamba zote tatu zinafanana kwa macho: dirisha jeusi na alama ya dola. Tabia zake ni tofauti. Ukiandika "bash" kwenye dirisha la amri la Windows, unaweza kuingia WSL ilhali ulidhani unaingia bash ya Git. Kwa hiyo swali la kwanza la skripti ni uname -s. Jibu likianza na MINGW au MSYS, uko kwenye familia ya MSYS2, na bash ya Git imo humo. Likianza na CYGWIN, linajieleza. Likiwa Linux, uko ndani ya WSL. Swali moja tu, na nusu ya mabishano yameisha.

Sasa tazama mitego mingine ambayo kurasa za maelekezo hazikwambii:

1. Python ya uongo. Tangu mwaka wa 2019, Windows 10 huja na faili iitwayo python.exe ambayo si Python. Kazi yake ni kukupeleka kwenye duka la Microsoft. Ukiuliza "python ipo?" kompyuta inajibu ipo. Ukiipa kazi, inakataa. Skripti nzuri haiulizi kama kitu kipo. Inakipa kazi ndogo na kutazama kama kitaifanya.

2. Majina pacha. Windows ina find yake na sort yake ndani ya System32. Find ya Unix hutafuta faili. Find ya Windows hutafuta maneno ndani ya faili. PATH ikipangwa vibaya, unaita mmoja anaitika mwingine.

3. Miisho ya mistari. Windows humaliza mstari kwa alama mbili, CR na LF. Unix hutumia LF peke yake. Git for Windows, usipobadilisha chochote wakati wa kuisakinisha, hugeuza mistari kuwa ya Windows inapokutolea faili. Skripti iliyotoka hivyo ikifika kwenye seva ya Linux inaanza kulalamika kuhusu \r ambayo huioni kwa macho.

4. Nafasi katika majina. Mtu akijiandikisha kwenye Windows kwa majina mawili, folda yake ya nyumbani inaweza kuwa na nafasi katikati. Skripti isiyoweka "$HOME" ndani ya alama za kunukuu inavunjika hapo hapo.

5. Saa. Huu nauona sana huku mtaani. Kompyuta ya mezani ya mtumba, ile betri ndogo ya CR2032 imekufa. Stima ikipotea, tarehe inarudi nyuma miaka kadhaa. Ukijaribu kuchukua kitu kwa git kupitia HTTPS, cheti cha usalama kinakataliwa kwa sababu kwa kompyuta hiyo muda wake haujaanza. Kijana anadhani mtandao ni mbovu, anaongeza bando, na bado inakataa. Dawa yake ni betri ya bei ndogo.

Hapo ndipo kwenye uzito wa jambo hili. Nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka wa 2009 na intaneti ikawa afadhali sana kuliko enzi za setilaiti. Lakini mtu anayenunua bando la siku bado anahesabu kila megabaiti. Git for Windows peke yake inapita megabaiti 50. Kuipakua mara mbili kwa sababu hukujua kosa liko wapi ni pesa ya nauli imeenda. Skripti ya kukagua ni kilobaiti chache. Unampa kwa flashi, na haihitaji mtandao hata kidogo.

Wazo lenyewe ni la kale. Waliojenga programu kwenye Unix wanaikumbuka ./configure, skripti ya sheli inayopitia kompyuta nzima ikiuliza kama kikusanyaji kipo, kama maktaba fulani ipo. Autoconf, inayotengeneza skripti hizo, ilianzishwa na David MacKenzie mwaka wa 1991. Ila configure ina tabia moja nisiyoipenda: ikikosa kitu cha lazima, kwa kawaida inasimama hapo hapo. Unakitafuta, unarudi, inakwambia na kingine. Kwa mtu wa bando, huo ni mzunguko wa hasara. Skripti yetu iendelee hadi mwisho, kisha itaje kasoro zote pamoja, ili mtu aende saiba mara moja tu akarudi na kila kitu. Kwa hiyo usiweke set -e ndani yake. Mkaguzi hafi anapoona kosa la kwanza.

Mfupa wake ni huu:

kasoro=0
kagua() {
  if "$@" >/dev/null 2>&1
  then echo "SAWA    $1"
  else echo "KASORO  $1"; kasoro=$((kasoro+1))
  fi
}
uname -s
kagua git --version
kagua gcc --version
kagua python -c "print(1)"
[ "$(date +%Y)" -ge 2025 ] || { echo "KASORO  tarehe"; kasoro=$((kasoro+1)); }
echo "Jumla ya kasoro: $kasoro"
[ "$kasoro" -eq 0 ]

Ule mstari wa mwisho si pambo. Unairudishia sheli sifuri kama kila kitu ni sawa, ili skripti nyingine nazo ziweze kuuliza jibu.

Kuna wanaosema, "Ukishajua kinachokosekana, mbona isirekebishe yenyewe?" Nakataa. Kompyuta si yako, na mara nyingi si ya huyo kijana pia. Skripti inayobadilisha PATH ya mtu au kuanza kupakua vitu bila kuuliza inatumia mali isiyo yake. Tena mtu akirekebishiwa hajifunzi. Akiambiwa "tarehe ya kompyuta hii si sahihi, angalia betri," kesho atamsaidia jirani. Mkaguzi akague. Kurekebisha ni uamuzi wa mwenye kompyuta.

Na iseme Kiswahili. Msiniambie lugha yetu haifai kwa dirisha jeusi. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka wa 2004, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Mistari thelathini ya skripti itatushinda? Isitoshe, herufi zetu hazina vitone wala vikofia, hivyo haziharibiki kwenye dirisha la amri la Windows kama za Wafaransa. Angalizo moja tu: ng'. Ukiandika echo 'Ng'ombe' sheli inadhani umefunga nukuu baada ya Ng, kisha inaona umefungua nyingine, na inakaa ikingoja uifunge. Tumia nukuu mbili, kila mara.

Lugha ina maana kuliko mnavyodhani. Kijana anayeshindwa wiki ya kwanza hasemi "PATH yangu ina kasoro." Anasema "mimi si wa mambo haya," anafunga laptopi, na hatumwoni tena. Wengine wana vichwa vizuri kutushinda. Kilichowatoa si hesabu wala mantiki. Ni betri, nafasi kwenye jina la folda, au Python isiyo Python. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa maradhi yamefichwa na kompyuta, na lawama anabeba mwanafunzi. Skripti ya kukagua inaiondoa lawama hiyo na kuiweka mahali pake.

Kwa hiyo, wewe unayefundisha vijana, iwe kanisani, kwenye saiba au sebuleni kwako, anza na mistari hiyo hapo juu. Kila mara mwanafunzi anapokwama kwa jambo jipya la Windows, ongeza mstari mmoja wa kulikagua. Baada ya mwaka utakuwa na orodha ya matatizo halisi ya kompyuta za mtaa wako, na mwanafunzi anayekuja nyuma hatayalipia tena kwa bando lake.