C mbili kwenye kitufe kimoja

Kwenye kibodi ya Kirusi, kitufe chenye C ya Kilatini ndicho pia chenye С ya Kisirili. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Kompyuta huziona herufi mbili mbalimbali: katika mfumo wa Unicode moja ni 0043 na nyingine ni 0421. Kwa hiyo mtu wa Moscow aweza kubonyeza Ctrl na kitufe kilekile anachobonyeza mtu wa Tanga, na programu isinakili kitu, kwa kuwa ilikuwa ikingoja 0043. Cha V hutoa М, cha Z hutoa Я. Kwenye kibodi ya Kiarabu kitufe cha C hutoa ؤ, na hapo hata kufanana hakuna.

Lawama hapa ni ya aliyeunda programu, wala si ya mtumiaji, kwa maana dawa ipo siku nyingi. Windows hukipa kila kitufe namba iliyo mbali na herufi yake, na katika kibodi ya Kirusi au ya Kiarabu kitufe cha C hubaki na namba yake ileile. Programu inayouliza namba hufanya kazi. Inayouliza herufi hukwama. Vivinjari vya intaneti navyo hutoa taarifa mbili, herufi iliyotoka na mahali kitufe kilipo. Mwandishi wa programu huchukua ile ya kwanza peke yake, anaijaribu kwenye kibodi yake ya Kiingereza, anaona mambo sawa, anaendelea na shughuli zake.

Wapo watakaosema: si mtumiaji abadili tu lugha ya kibodi, anakili, kisha arudi? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Njia ya mkato inayodai ubadili kibodi mara mbili ili kunakili neno moja si ya mkato tena. Waliotengeneza Vim, programu ambayo herufi tupu ndizo amri zake, waliliona hilo wakaweka mpangilio wa langmap, unaozipa herufi za lugha nyingine kazi ya zile za Kilatini.

Hoja yenye uzito ni nyingine: tuache herufi kabisa, tutazame mahali pa kitufe. Hapo Wafaransa wataumia. Kibodi yao ina Z pale ambapo ya Kiingereza ina W, na katika programu nyingi Ctrl na W hufunga dirisha. Mtu ataka kutendua kosa dogo kwa Ctrl na Z, kumbe anafunga kazi yake! Kwa Wajerumani Z na Y zimebadilishana nafasi, hivyo kutendua kungegeuka kurudia. Basi utaratibu uwe huu: programu itazame herufi kwanza. Ikiwa ni ya Kilatini, itii. Ikiwa siyo, ndipo itazame mahali pa kitufe.

Jambo hili si la Warusi na Waarabu peke yao. Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi huko Lamu na Mombasa, na anayechapa upya miswada hiyo leo kwa kibodi ya Kiarabu hukumbana na kitufe kilekile. Vijana wetu wanaounda programu Nairobi na Dar es Salaam, kabla hamjaitoa kazi yenu, wekeni kibodi ya Kiarabu kisha mbonyeze Ctrl na C. Haichukui hata dakika moja.