Kuvuka Mpaka kwa Mfuko Mdogo

Juma hili twazungumza juu ya safari. Si safari ya kwenda mjini kuuza mahindi wala ya kwenda msibani, bali ya kutoka nje ya nchi yetu na kuona nchi ya wengine. Wako baba na mama ambao wameuza kahawa yao au pamba, wameweka kando fedha kidogo, watoto wamekwisha kuwa wakubwa, nao wasema: "Tangu tuoane hatujavuka mpaka. Twende wapi sisi, fedha yetu isiishe njiani, nasi turudi salama?" Swali hilo si la kucheka. Fedha ya mkulima huja mara moja kwa mwaka, na ikipotea stendi hakuna wa kuirudisha.

Watu wengi wakisikia "nchi za nje" mara wafikiri Ulaya na ndege. Waacheni. Chukueni ramani ya mtoto wa shule mtazame mahali mnapokaa. Mtu wa Bukoba, kwa mfano, ana kilometa 80 hivi kufika Mutukula, na kutoka hapo kupitia Masaka hata Kampala ni kilometa 220 hivi. Jumla yake ni 300. Mtu huyo huyo akitaka kwenda Dar es Salaam ana kilometa zaidi ya 1,300 mbele yake! Mtu wa Tanga yuko karibu na Mombasa, kilometa 180 hivi, kuliko Dar es Salaam ambayo ni 350. Wa Ngara akivuka daraja la Rusumo abakiza kilometa 160 hivi kufika Kigali. Wa Kyela akivuka mto Songwe, mji wa Karonga katika Malawi uko kilometa 50 hivi mbele yake.

Kwa hiyo nchi inayokufaa wewe si ile anayoisifu rafiki yako aliye mkoa mwingine. Ni ile ambayo waondoka kwako alfajiri, nawe waingia mji wa kulala kabla jua halijatua. Hapo ndipo urahisi na usalama hukutana. Safari ya siku moja haina chumba cha kulipia njiani, haina chakula cha mara tatu barabarani, wala haina usiku wa kukaa juu ya mizigo mpakani ukisubiri lango lifunguliwe. Tumewaona watu wakichagua basi la nauli ndogo kidogo, lifikalo saa nane za usiku, kisha wakatoa maradufu kwa dereva wa teksi asiyejulikana.

Jambo la pili ni lugha. Katika Mombasa mwenyeji wa Tanga asikia na kusikiwa. Aweza kuuliza bei, kugombana kidogo na kupunguziwa. Ataitazama Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na akienda kwa miguu kivuko cha Likoni hakimtozi kitu. Kwa mtu wa mfuko mdogo, kuelewana na watu ni nusu ya nauli. Katika Uganda na Rwanda Kiswahili chasikika mijini na stendini, lakini usitegemee kila mtu atakijua. Mwombe jirani aliyewahi kukaa huko akufundishe maneno kumi tu ya salamu na ya bei kabla hujaondoka.

Sasa vyeti. Hapa ndipo wengi huharibikiwa, basi tukae kidogo.

Wako wanaoamini kwamba kwa kuwa sisi ni Jumuiya ya Afrika Mashariki, kitambulisho cha Taifa chatosha. Jambo hilo lilitokana na Kenya, Uganda na Rwanda, ambazo mwaka 2014 zilikubaliana raia wao wavuke kwa vitambulisho. Tanzania haikuingia katika mpango ule. Mtanzania achukue pasipoti, au hati ya dharura ya safari ambayo Idara ya Uhamiaji huitoa kwa safari za nchi jirani. Pasipoti mpya ya elektroniki ilipoanza mwaka 2018 ada yake ilikuwa shilingi 150,000, nayo hudumu miaka 10. Mume na mke, 300,000. Ni fedha nyingi, hatukatai. Lakini igawe kwa miaka 10, utaona kila mtu alipa 15,000 kwa mwaka. Anayekusudia kwenda mara moja tu katika maisha yake na aulize kwanza habari za hati ya dharura katika ofisi ya Uhamiaji ya mkoa. Aulize ofisini hasa, si kwa kijana asimamaye nje ya lango la ofisi. Cheti cha kuzaliwa kitatakiwa, na cha mzazi au kiapo mahali pake; kwa wazee waliozaliwa kijijini pasipo vyeti, kazi ya kukusanya karatasi yaweza kuchukua miezi, basi ianzeni kabla ya mavuno. Mtoto naye ana hati yake mwenyewe, haandikwi mgongoni mwa mama.

Ukiwa na pasipoti, viza hulipii Kenya, Uganda, Rwanda wala Burundi, na Zambia na Malawi nako Mtanzania haombi viza kwa matembezi mafupi. Anayekutoza fedha ya viza katika mipaka hiyo anakula fedha yako.

Tena iko kadi ya manjano, yaani ya chanjo ya homa ya manjano. Sindano hiyo yapasa kuchomwa siku 10 kabla ya safari, si asubuhi ile ya kuondoka. Tangu Julai 2016 kanuni za afya za dunia zasema sindano moja yatosha maisha yote, basi mwenye kadi ya zamani asikubali kuambiwa imekwisha muda. Wengine huona uvivu wakanunua kadi tupu kwa wachuuzi wa mpakani. Hao wamenunua karatasi; mbu hasomi karatasi.

Njia za vichochoroni, ambazo watu waziita njia za panya, tuziache kabisa. Ni kweli kwamba mtu wa mpakani amezoea kuvuka kwenda kuuza ndizi ng'ambo na kurudi jioni. Lakini wewe waenda mbali zaidi, na siku utakayoumwa au kuibiwa utakwenda polisi bila mhuri katika pasipoti, nao watakuuliza wewe kwanza.

Wasomaji wetu wengi, tukiwauliza wangependa kwenda wapi, hutaja Namugongo, karibu na Kampala, mahali Karoli Lwanga na wenzake walipochomwa moto tarehe 3 Juni 1886. Ni safari nzuri, na ya nafuu kwa watu wa Kagera na Mwanza. Ila jueni kwamba siku za kuelekea tarehe 3 Juni umati ni mkubwa mno, vyumba ni taabu kupata, na wezi wa mifukoni nao husafiri kuhiji. Wanaotaka kusali pamoja na umati waende na kundi la parokia, lenye kiongozi na mahali pa kulala palipokwisha kuagizwa. Lakini wazee wawili wenye fedha kidogo na magoti mabovu yafaa waende Agosti au Septemba. Kanisa ni lile lile. Hali kadhalika Kibeho katika Rwanda, ambapo umati huja hasa tarehe 15 Agosti na 28 Novemba. Kila mahali mwombeni Padre wenu barua ya kuwatambulisha, kwa kuwa nyumba za wageni za masista ni safi, zafungwa mapema usiku, na kwa kawaida bei yake ni ya kiasi.

Usalama wa nchi hubadilika, wala hauulizwi mara moja. Jimbo la Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, lina vita tangu Oktoba 2017. Daraja zuri la Umoja juu ya mto Ruvuma, lililofunguliwa 2010, lisikushawishi kwenda kutembea huko. Mashariki ya Kongo ni vivyo hivyo: mji wa Goma ulitekwa Januari 2025 na Bukavu Februari iliyofuata, na nafuu ya nauli haitakufaa kitu katika miji ya namna hiyo. Burundi nayo ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024, hata mtu aliyepanga kwenda Bujumbura kisha Kigali kwa barabara moja alilazimika kurudi kuzunguka kwetu. Mambo kama haya hayaandikwi katika tiketi. Siku tatu kabla ya kuondoka sikilizeni redio, mwulizeni dereva aliyerudi juzi kutoka huko, maana yeye alikuwako.

Magonjwa pia yaulizwe. Uganda ilitangaza Ebola Septemba 2022 na tena Januari 2025. Rwanda ilitangaza Marburg Septemba 2024. Nasi wenyewe katika Kagera tulikuwa nayo Marburg Machi 2023, na tena Januari 2025. Zote zilikwisha kwa miezi michache. Hii si sababu ya kuogopa jirani milele, lakini ni sababu ya kuahirisha safari mpaka mganga wa wilaya aseme yamekwisha.

Kwenye maziwa, mtumbwi wa injini unaojazwa watu hata maji yakaribia ukingo huwa na nauli ndogo sana. Wenye umri wakumbuka MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, mamia ya watu. Tusiseme zaidi.

Safari ya kuogopwa kuliko zote ni ile isiyo na nauli. Mgeni mwenye maneno laini afika kijijini, asema kwamba binti yenu ataenda Nairobi au Uarabuni kutembea kwanza na kazi baadaye, yeye atalipa kila kitu, pasipoti atamtengenezea na "kumtunzia". Baba, mama, simameni hapo. Pasipoti hukaa mfukoni mwa mwenyewe. Anayeitunza ya mwingine amekwisha kumshika mkono. Nchi yetu ina sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa watu tangu 2008, na polisi wa wilaya wanaijua. Mwulizeni mgeni huyo jina la mwajiri, mahali pa kulala na namba ya simu ya huko, kisha mwambieni mtakwenda naye Uhamiaji asubuhi. Kama ni mtu mwema atakwenda.

Basi mkiisha kuchagua, nauli ya kurudi itengwe kwanza, ifungwe mbali na fedha ya matumizi, wala isiguswe hata kwa soda. Tiketi hununuliwa dirishani, si kwa mpiga debe. Fedha mbadilishe benki au katika duka lenye kibali. Wale wanaokimbilia basi na mabunda mkononi huhesabu upesi kuliko macho yako. Andikeni namba za ndugu katika karatasi, maana simu huzimika.

Waendao Rwanda wajue mambo mawili matatu. Mifuko ya plastiki imekatazwa huko tangu 2008, hata ile mliyofungia mihogo, basi chukueni kikapu. Magari hupita upande wa kulia, kwa hiyo mkivuka barabara tazameni kwanza kushoto. Saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa moja: basi la saa mbili asubuhi ya Kigali ni saa tatu ya nyumbani. Na Jumamosi ya mwisho ya mwezi, asubuhi, raia wote wako katika kazi ya umuganda, mabasi husimama. Msipange kusafiri saa hizo.

Mkirudi, najua akina mama mtatamani miche ya migomba mizuri mliyoiona Masaka. Msiilete. Mnyauko wa migomba ulionekana Uganda mwaka 2001, na miaka michache baadaye ulikuwa katika mashamba ya Kagera. Ugonjwa huo husafiri ndani ya mche usioonyesha dalili yoyote, na afisa wa kilimo mpakani ana haki ya kuuchoma mbele yenu. Leteni kitenge.