Ukitapika, na Kidonge Kimetoka!

Haya wadada, na nyie makaka msijifanye hayawahusu, leo naongea waziwazi. Wangapi hapa mjini wanameza vidonge vya majira kila siku bila kukosa, halafu wakishikwa na malaria au tumbo la kuendesha wanadhani mambo bado shwari? Nasema, angalieni!

Homa yenyewe haina neno. Mchawi ni tumbo, maana kidonge hakifanyi kazi mpaka kiingie kwenye damu. Ukitapika kabla masaa 3 hayajapita tangu umeze, hesabu hukumeza, meza kingine haraka. Ukiharisha vibaya zaidi ya masaa 24, kila siku ya namna hiyo ihesabu kama umeruka kidonge. Usiache kumeza, ila mshikaji avae kondomu mpaka upone, na siku 7 juu yake.

Dawa je? Amoksilini mnaionea bure, haigombani na kidonge. Lakini rifampisini, ile ya kifua kikuu, inalifanya ini livunje homoni za kidonge upesi, na hali hiyo hubaki kama wiki 4 baada ya dozi kwisha. Unayetibiwa TB, dozi usikatishe hata kidogo. Mwambie nesi akupe njia nyingine, kama sindano au kitanzi.

Na wewe kaka, bibie akiumwa mpelekee uji, siyo usumbufu. Mimba haiulizi nani alikuwa na malaria. Tukutane wiki ijayo!