Kompyuta Haifi kwa Maneno

Mtu aliyezimia hachimbiwi kaburi kabla mshipa wake haujapapaswa. Kompyuta kuukuu ya mezani haipewi hata heshima hiyo ndogo. Kitufe hubonyezwa mara mbili. Taa isipowaka wala feni isipozunguka, hukumu hutolewa papo hapo: imekufa. Hutupwa ghalani, nao wanafunzi hubaki kusongamana mbele ya zile chache zilizosalia. Nasema, msomaji, kwamba hukumu hiyo ni dhuluma, na mara nyingi ni uvivu uliovaa joho la ujuzi.

Umeme ni msafiri. Hutoka ukutani, ukapita katika plagi, ukafuata waya, ukaingia katika kisanduku cha kugawia umeme, ambacho mafundi hukiita pawa saplai, ndipo ufike moyoni mwa kompyuta. Msafiri asipofika, mwenye busara humtafuta kituo kwa kituo tangu alikotoka. Chomeka taa ya meza katika tundu lile lile la ukutani. Nayo ikikataa kuwaka, kompyuta haina hatia. Plagi ya meno matatu tuitumiayo Kenya ina fyuzi ndani yake, fupi kuliko kidole cha mtoto. Ikikatika hiyo, mashine nzima hulala. Azima waya mwingine ujaribu. Tazama nyuma ya kisanduku: swichi iliyobonyezwa upande wenye alama ya O imefunga njia. Visanduku vingi vya zamani vina pia kichaguzi chenye namba 115 na 230. Umeme wetu ni wa volti 240, basi na kikae kwenye 230. Kikiwekwa 115, kisanduku huweza kuungua mara moja.

Yote hayo yakiwa salama, ng'oa waya ukutani, kisha mbele ya mwalimu wako fungua ubavu wa kasha. Kitufe cha kuwashia huunganishwa na ubao mkuu kwa waya mbili nyembamba. Zikichomoka, kidole chabonyeza bure. Tazama kapasita, vile vimtungi vilivyosimama juu ya ubao. Vikivimba vichwa au kuvuja, ugonjwa umeonekana. Kompyuta nyingi zilizoundwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ziliugua maradhi hayo. Lakini kisanduku cha umeme chenyewe usikifungue kamwe, kwa maana ndani yake huweza kubaki umeme wa kuua hata baada ya waya kung'olewa. Jaribu kingine kilicho kizima mahali pake. Kuujua mpaka wa ujuzi wako ni sehemu ya ujuzi.

Wako watakaouliza: ya nini kumhangaikia kikongwe, na vijana wamejaa madukani? Nami nauliza: fedha za hao vijana zimejaa wapi? Shule iwezayo kununua fyuzi haiwezi kila mara kununua kompyuta. Tena, kitupwacho hakitoweki. Mwaka 2022 dunia ilizalisha takriban tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Kompyuta za zamani zina risasi katika viungo vyake; zikichomwa jalalani, sumu hiyo huwarudia walio hai.

Sikatai kwamba ziko kompyuta zilizokufa kweli. Hizo zipelekwe kwa wanaojua kuzivunja bila madhara. Ninachokataa ni hukumu isiyo na ushahidi, kwa kuwa azoeaye kuhukumu chombo bila kukichunguza hakawii kumhukumu mtu vivyo hivyo.

Basi, msomaji, andika maneno haya katika karatasi: ukuta, plagi, waya, swichi, kisanduku, kitufe. Ibandike mlangoni pa ghala la shule yako, na kompyuta yoyote isivuke kizingiti hicho kabla maneno yote sita hayajajibiwa.