Msaada wa Karo na Kumaliza Chuo

Mzazi akisikia ya kuwa Serikali imekubali kumlipia mtoto wake karo ya chuo, hufurahi na kudhani kazi imekwisha. Lakini kuingia chuoni ni jambo moja, na kutoka na shahada ni jambo jingine. Mambo yaliyotokea katika majimbo mawili ya Marekani yanaonyesha tofauti hiyo.

Katika jimbo la Florida, mwaka 2000, wanafunzi ambao jamaa zao walihesabiwa kuwa hawawezi kutoa zaidi ya dola 1,590 kwa mwaka waliweza kupewa msaada wa dola 1,300. Wataalamu wawili, Benjamin Castleman na Bridget Terry Long, waliwalinganisha wale waliokuwa chini kidogo ya mpaka huo na wale waliouvuka kidogo tu, kama mkulima alinganishavyo mashamba mawili yaliyopakana, moja limetiwa samadi na jingine halikutiwa. Waliostahili msaada walipita masomo mengi zaidi, na waliopata shahada katika miaka 6 walizidi wenzao kwa asilimia 22.

Jimbo la Massachusetts lilifuata njia nyingine. Kuanzia vijana waliomaliza sekondari mwaka 2005, waliofaulu vizuri katika mtihani wa jimbo walisamehewa karo, kwa sharti wasome katika vyuo vya jimbo hilo. Lakini karo ilikuwa sehemu ndogo ya gharama. Ada nyingine zilikuwa kubwa kuliko hiyo, nazo hazikusamehewa. Hata hivyo wako vijana walioacha vyuo bora, ambako wangaliweza kuingia, wakaufuata msaada huo. Sarah Cohodes na Joshua Goodman, katika taarifa yao ya mwaka 2014, walionyesha ya kuwa wenzao waliokosa msaada kwa alama chache tu ndio waliomaliza chuo kwa wingi zaidi.

Basi samadi hustawisha shamba lenye udongo mzuri, wala haifai kumvuta mkulima ahamie kwenye mawe. Mzazi mwenye busara asifurahie barua ya msaada kabla ya kuuliza mambo mawili: Fedha hiyo italipa nini, na itaacha nini? Na katika kila wanafunzi 100 wanaoingia katika chuo hicho, wangapi hutoka na shahada mkononi?