Cheti Kisichokuwa na Mkono

Ukisimama Feri asubuhi, upande wa kisiwani, utaona maelfu ya watu wakivuka kutoka Likoni kuja mjini kutafuta riziki. Wamo wachukuzi, makarani, wauza samaki, mafundi na wanafunzi. Wanafunzi wote kwa nje hufanana. Kila mmoja amebeba mkoba wake. Lakini katika mikoba ile mna elimu za namna mbili: moja hukaa katika karatasi, na ya pili hukaa katika mkono wa mwenyewe. Insha hii ni shtaka juu ya ile ya kwanza, pale inapojidai kuwa ni ya pili.

Hapana mji katika Kenya unaopaswa kujua ufundi wa mitandao ya kompyuta kuliko Mombasa. Mwishoni mwa karne ya 19 waya wa telegrafu uliopita chini ya bahari uliunganisha mji huu na Unguja. Mwezi wa Juni 2009 waya wa TEAMS ulifika hapa kutoka Fujairah, katika Ghuba. Mwezi uliofuata waya wa SEACOM ukaanza kazi. Na mwaka 2010 ukaja wa EASSy. Kabla ya hapo intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti, na njia hiyo ilikuwa ghali tena nzito. Leo sehemu kubwa ya barua, hesabu na picha za nchi yetu, na za jirani zetu wa bara, hupita chini ya ufuko huu kabla ya kufika ziendako. Mlango wa nyumba uko kwetu. Walakini mtu kukaa mlangoni si dalili ya kuwa ndiye mwenye ufunguo. Bawabu naye hukaa mlangoni.

Ufunguo ni ujuzi, na vijana wetu wameambiwa kuwa ujuzi huo huthibitishwa kwa cheti. Kimoja kinachotafutwa sana ni kile cha CCNA, kilichoanzishwa na kampuni ya Cisco ya Marekani mwaka 1998. Mtihani wake ni wa dakika 120, na ada yake ni kiasi cha dola 300, ambazo kwa bei ya dola ya mwaka 2025 zilikaribia shilingi 39,000. Kwa mama apikaye mahamri alfajiri ili amsomeshe mwanawe, fedha hizo si mchezo. Hofu ya kuzipoteza imezaa biashara ya aibu: maswali ya mtihani huibwa, huuzwa, na kijana huyameza pamoja na majibu yake kama kasuku. Akifaulu, hutundika cheti ukutani. Akibainika, kampuni hukifuta. Lakini hata asipobainika, amejiibia mwenyewe, kwa kuwa amelipa bei ya elimu akapewa kivuli chake.

Nilipata kumwona kijana mmoja wa namna hiyo katika ofisi ndogo si mbali na Feri. Kompyuta moja kati ya nne ilikuwa haizungumzi na wenzake. Kijana alizima na kuwasha, akazima na kuwasha tena. Mwisho akamshauri mwenye ofisi anunue kifaa kipya. Palikuwa na fundi mzee asiyekuwa na cheti chochote. Mzee aliinama chini ya meza, akatazama taa ndogo iliyo kando ya tundu la waya, akaona haiwaki. Alichomoa waya, akanionyesha kichwa chake: kutu ya hewa ya chumvi ilikuwa imekila. Alikikata, akabana kingine, na taa ikawaka. Wazee walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Siku ile methali hiyo ilikuwa si mfano. Ilikuwa ni maelezo ya kazi yenyewe.

Dawa ya ugonjwa huu ni maabara ya nyumbani. Nasema maabara, wala sikusudii chumba chenye vioo na viyoyozi. Nakusudia meza moja, kompyuta moja kuukuu, swichi moja au mbili zilizokwisha kutumika katika ofisi, ruta kuukuu, koleo ya kubania vichwa vya waya, na daftari. Hapo kijana huunganisha, huharibu, hutafuta kosa, na hutengeneza tena. Asiyeharibu kitu katika maabara yake ataharibu kitu katika ofisi ya watu.

Wako watakaopinga, na ni haki kuwasikiliza. Wa kwanza husema maabara ni mambo ya matajiri. Jibu ni kuwa mwanzo wake hauna bei kubwa. Iko programu iitwayo Packet Tracer, itolewayo bila malipo na chuo cha Cisco cha mtandaoni, ambayo huigiza ruta na swichi juu ya kioo cha kompyuta. Mwanafunzi asiye na kompyuta nyumbani aweza kuiomba saa mbili katika maabara ya skuli yake, au akashirikiana na wenzake watatu. Wanaochanga fedha kununua mpira wa miguu hawashindwi kuchanga za swichi kuukuu. Umaskini ni udhuru wa kuanza kidogo. Si udhuru wa kutoanza.

Wa pili husema: maadamu programu hiyo ipo, chuma cha nini? Huyu amesema nusu ya kweli, na nusu hiyo naikubali. Sehemu kubwa ya mtihani yaweza kufanyiwa mazoezi katika mwigo. Lakini katika mwigo waya haushiki kutu, umeme haukatiki katikati ya kazi, na kifaa hakina neno la siri lililosahauliwa na mwenyewe wa kwanza. Tena nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake nene. Mawimbi ya intaneti isiyotumia waya huingia chumba cha kwanza, yakafika cha tatu yamechoka. Kijana wa Kibokoni hujifunza jambo hilo kwa kutembea na simu yake kutoka sebuleni mpaka ngazini, akiandika mahali mawimbi yanapofifia. Hiyo nayo ni maabara, na haikumgharimu senti.

Wa tatu hudharau vifaa vya zamani kwa kuwa vimepitwa na wakati. Vifaa hubadilika upesi, lakini misingi hukawia. Chukua anwani 256 za mtandao mmoja, uzigawe katika mitandao minne: kila mmoja utapata 64. Katika hizo, moja ni jina la mtandao wenyewe, na moja ni ya kutangazia wote. Zitabaki 62 za kupewa kompyuta. Hesabu hii ilikuwa kweli kwa ruta ya miaka ishirini iliyopita, na ni kweli kwa ruta iliyotoka kiwandani jana. Aliyekariri atakujibu 62 mara moja. Mwulize kwa nini si 64, utaona macho yake yakitafuta mlango. Aliyejaribu kumpa mtu anwani ya mwisho, kifaa kikamkatalia, hawezi kusahau.

Sasa nitoe mfano mkubwa zaidi, kwa sababu ndio unaoonyesha tofauti ya karatasi na mkono. Kazi ya ruta ni kama ya kivuko: hutoa pakiti katika mtandao mmoja na kuzipeleka katika mwingine, kama feri itoavyo watu Likoni ikawaleta kisiwani. Kwa miaka mingi gari lililotaka kwenda Diani kutoka mjini lilitegemea feri. Lililotaka kuikwepa lilizunguka mbali sana bara. Barabara ya Dongo Kundu ilipokamilika mwaka 2024, njia ya pili ilipatikana. Leo feri ikikwama, mwenye gari hageuki kurudi nyumbani; hugeuza usukani tu.

Mitandao nayo hufanya vivyo hivyo, kama imefundishwa. Unganisha ruta tatu kwa umbo la pembetatu, ziwekee kanuni ya njia iitwayo OSPF, kisha chomoa waya mmoja. Utaona pakiti zikisita kidogo, halafu zikipita upande wa pili. Mwenye kukariri anajua kuwa ruta hungoja sekunde 40 kabla ya kuhesabu jirani yake amekufa, maana ndivyo kitabu kisemavyo juu ya desturi ya kanuni hiyo. Lakini mwenye maabara ameona jambo ambalo mkariri hakuliona: waya uliounganisha ruta na ruta moja kwa moja ukichomolewa, ruta hutambua papo hapo, wala haingoji. Ni pale tu panapokuwa na swichi katikati, waya ukakatika upande wa mbali, ndipo ruta inaposubiri, kwa sababu taa ya upande wake bado inawaka nayo hudhani mambo ni salama. Sekunde 40 katika daftari ni namba. Katika hospitali au bandari ni watu wanaongoja.

Wala usiseme kukatika kwa waya ni nadra. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini kusini, na intaneti ya Afrika ya Mashariki ikawa nzito kwa siku kadhaa. Walionusurika upesi ni wale waliokuwa na njia ya pili, pamoja na mafundi waliojua kuitumia. Siku kama ile hakuna anayeuliza cheti chako kina fremu ya namna gani.

Jambo hili si geni kwa pwani yetu. Mwaka 1951 Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, maarufu kwa jina la MIOME, ilianza kufundisha vijana ubaharia, mitambo ya meli, umeme na useremala. Mwaka 1966 ikawa chuo cha ufundi cha Mombasa, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Ufundi kama ule haukufundishwa kwa kukariri: seremala hakuhitimu kwa kutaja majina ya randa, wala baharia kwa kusimulia tezi na omo. Elimu bila amali ni kama nta bila asali. Ikiwa babu zetu walilijua hilo kwa mbao na kwa meli, sisi tumelisahauje kwa waya na kompyuta?

Yapo masharti mawili ambayo mjenzi wa maabara hana budi kuyashika. La kwanza, maabara yako iwe mbali na mtandao wa jirani. Katika nyumba ya ghorofa inayotumia laini moja, ruta yako ya mazoezi yaweza kuwagawia wapangaji wote anwani za uongo, wakalala bila intaneti kwa ajili ya ujinga wako. La pili, usijaribu ujuzi wako katika kompyuta za watu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 juu ya matumizi mabaya ya kompyuta inahesabu kuingia bila idhini kuwa ni kosa la jinai, na udadisi si kinga mahakamani.

Sisemi cheti ni kitu duni. Mwajiri asiyekujua hana jicho jingine la kukutazamia, na maskini asiye na mjomba katika ofisi ana haja nacho kuliko tajiri. Kwa sababu hiyo hiyo kisichafuliwe. Kila anayekipata kwa wizi humfanya mwajiri amshuku anayekuja baada yake, na huyo ajaye baada yake huenda akawa mtoto wa yule mama wa mahamri, aliyekesha miezi sita na waya mkononi.

Basi kijana usomaye, anza wiki hii. Omba ofisi moja swichi waliyoitupa stoo. Funika meza kwa gazeti, washa, na uandike katika daftari kila kosa ulilolifanya na namna ulivyolitoa. Siku utakayovuka Feri kwenda kutafuta kazi, chukua cheti na daftari hilo pamoja. Na mwajiri akikionyesha kifaa kilichokufa pembeni mwa chumba, usimpe ushauri wa kununua kipya kabla hujainama ukatazama taa.